PS2 slim, memori kadi ya Free McBoot na kale kaadapta ka HDMI: kipi kinalipa na kipi ni kupigwa

Wakuu, huu mkumbo wa watu kutafuta PS2, yaani PlayStation 2 ya zamani, na mimi umenizoa. Nimechukua slim moja nyeusi, SCPH-77004, pale Kariakoo kwa laki na ishirini na pedi mbili juu baada ya kubishana mpaka muuza kachoka, halafu nikaiongezea vikorokoro vitatu: memori kadi ya Free McBoot (programu ya kufungua gemu bila CD), kale kadude kanaitwa MX4SIO ka kuchomeka memori ya simu kwenye tundu la pili la memori kadi, na kaadapta ka HDMI. Nimekaa navyo vya kutosha sasa naweza kusema. Na nianze kabisa na jibu, kitu cha bei rahisi kuliko vyote humo ndo kimenifaa kuliko vyote, hiyo memori kadi.

Kwanza mashine yenyewe. PS2 ilitoka Japani Machi 2000, slim ikaja 2004, Sony wakaacha kuitengeneza 2013 wakiwa wameshauza zaidi ya milioni 155, na hakuna mashine ya gemu iliyouza kuzidi hiyo mpaka leo naandika. Sasa Bongo tuambiane ukweli, wengi wetu hatukuwa nayo nyumbani, tuliijua kibandani. Mechi shilingi mia mbili, anayefungwa anaachia pedi anaenda nyuma ya foleni, na kama umemkuta yule jamaa wa mtaani asiyefungika basi hela yako ya andazi inaisha kwa dakika kumi na umesimama tu. Kabla yake ilikuwepo PS1 ile ya kijivu ambayo lensi ikianza kuchoka mwenye kibanda anaigeuza kichwa chini miguu juu ndo isome CD, na inasoma kweli! Waliokuja na PS2 juzi hawawezi kuelewa.

Na PES, lile gemu la mpira. Aisee. Chelsea inaitwa London FC, Liverpool inaitwa Merseyside Red, na hakuna mtoto aliyebabaika hata siku moja, kila mtu anajua nani ni nani. Kwenye PES 6 kibandani kwetu Inter ilipigwa marufuku kwa sababu ya Adriano, mtu anavuka tu katikati ya uwanja anashikilia mraba basi kipa anaokota wavuni, ugomvi unaanza, mwenye kibanda anazima TV. Sheria ikawa ukichukua Inter Adriano anakaa benchi. Hiyo ndo VAR yetu ya kwanza.

Haya turudi kwenye kununua. Kabla hujatoa hela igeuze mashine usome nyuma, usimsikilize muuzaji. Namba ya mwisho ya modeli inakuambia ilitengenezewa wapi: 0 ni Japani, 1 Marekani, 3 Uingereza, 4 Ulaya. Hii ina maana sana kwetu kwa sababu zile fati, yaani PS2 nene za mwanzo, za Japani na Marekani, na slim za 90000 za huko huko ambazo pawasaplai yake iko ndani, zinataka volti 100 au 120, ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 230 unasikia paa na harufu, habari imeishia hapo. Slim za 70000 mpaka 79000 zinatumia adapta ya nje ya volti 8.5, na hapo napo kuwa makini, kuna duka moja walitaka kunipa ya volti 12 wakidai "inaingia tu hiyo". Kuingia inaingia, sasa sijui nani alisema tatizo ni kuingia.

Lensi ndo ugonjwa mkubwa. Mashine hizi zimekula vumbi na CD za kuchoma miaka na miaka, kwa hiyo nyingi utakazokutana nazo sokoni zinasoma leo kesho zinakuletea ule ukurasa mwekundu wa kukuambia weka diski ya PlayStation. Yangu inasoma DVD vizuri ila zile CD zenye mgongo wa bluu inazikataa mbili kati ya tatu. Zamani dawa ilikuwa kubadili lensi, au kumpelekea fundi aweke chipu ya kukubali gemu zisizo orijino, Modbo au Matrix, yaani anafungua bodi anaunga kwa risasi vinyaya kama ishirini vyembamba kuliko unywele, akikosea kimoja mashine inarudi kwenye mfuko wa rambo. Nimeziona nyingi zilizochipiwa vibaya, ukifungua ndani ni gundi na nyaya za rangirangi zimepita juu ya feni.

Free McBoot imeua hiyo biashara. Ilitoka 2008 na akili yake ni nzuri sana: PS2 ikiwaka huwa inachungulia kwenye memori kadi kuona kama kuna apdeti ya mfumo, sasa hawa jamaa wakaweka programu yao pale pale kwenye hiyo sehemu ya apdeti, mashine inaikuta inadhani ni ya Sony inaifungulia mlango. Hakuna kufungua skrubu, hakuna risasi, hakuna fundi. Unachomeka kadi tundu la kwanza, unawasha, menyu inakuja na vitu vipya juu, humo ndani kuna OPL ambayo ndo inafungua gemu bila CD. Mara ya kwanza nimeiwasha nilikaa nacheka mwenyewe. Angalizo ni kwamba zile slim za mwishomwisho za 90000 haikubali, Sony walishaziba hilo tundu, lakini hata hizo zina njia yake inaitwa Fortuna, unaingia Browser ya menyu ya mashine unafungua memori kadi ukirudi nyuma inajifungua yenyewe. Ni hatua moja zaidi tu, ila uliza kabla ya kununua kadi maana wauzaji wengi hawajui tofauti na ukirudi nayo wanakuambia mashine yako ndo mbovu.

Sasa gemu unaiweka wapi? Hapa ndo pana kazi. Njia ya kwanza ni flashi kwenye tundu la USB, rahisi kila mtu anayo, lakini USB ya PS2 ni ile 1.1 ya enzi za mkoloni, inapitisha kama megabaiti moja kwa sekunde wakati DVD yake inasoma zaidi ya tano. Kwa hiyo PES inacheza safi kabisa, gemu za ngumi safi, ukija kwenye gemu lenye video video inakatakata, mtu anafungua mdomo sauti inafika baadaye, na San Andreas ukiendesha gari kwa spidi barabara inachelewa kuja unajikuta unaendesha kwenye ukungu. Inaboa. Hako ka MX4SIO kanasaidia, kanapita njia ya tundu la memori kadi, kana spidi kuliko USB, video nyingi zilizokuwa zinakatika sasa zinaenda, siyo zote ila nyingi. Nakapa saba kwa kumi. Kametengenezwa kwa plastiki rahisi na kanacheza kidogo kwenye tundu, ukigusa meza katikati ya gemu moyo unapiga.

Mwenye fati ndo mfalme hapa lazima tukubali. Fati ina nafasi nyuma ya kuweka hadidiski kupitia netiweki adapta ya Sony, unaweka hadidiski nzima humo, magemu yako yote yanakaa ndani na yanalodi haraka kuliko hata CD yenyewe. Slim walitoa hiyo nafasi ili iwe nyembamba. Kama ningeipata fati nzima kwa bei ya binadamu ningeichukua hiyo bila kufikiria, ila netiweki adapta orijino siku hizi anayenayo anakutajia bei anakuangalia usoni aone utafanyaje.

Kitu kingine ambacho hawakwambii ni namna ya kupanga mafaili. Kadi ukiifomati FAT32 haipokei faili la zaidi ya giga nne, na gemu kama God of War II ambayo ni DVD ya leya mbili inabidi uikate vipande kwa programu kwenye kompyuta. OPL mpya inasoma exFAT, fomati isiyo na kikomo hicho, kwa hiyo hiyo shida inapungua. Halafu usiwe unafuta gemu moja unaweka lingine juu ya kadi ile ile, faili linakaa vipandevipande na OPL haitaki, inakuambia faili limegawanyika na inagoma kabisa. Dawa: toa vyote, fomati upya, rudishia kimoja kimoja. Inachosha lakini ndo ilivyo.

Haya, HDMI. Kale kaadapta nyuma ya boksi kameandikwa 1080p kwa maandishi makubwa. Ni uongo mtupu. Vile vya bei rahisi vinachukua picha ya PS2 jinsi ilivyo vinaibadilisha tu ipite kwenye waya wa HDMI, hakuna kinachoongezeka, TV yako ya inchi 50 ndo inaivuta picha ya mistari 480 mpaka ijae, unapata Ronaldinho mwenye sura ya ukungu. Na kwanza kabisa nenda kwenye setingi za mashine Component Video Out uitoe kwenye RGB uweke ile nyingine ya Y Cb/Pb, la sivyo rangi zinakuja za ajabu na utarudisha kitu kizima. OPL nayo ina setingi inaitwa GSM ya kulazimisha gemu itoke 480p, kwa baadhi ya gemu picha inatulia sana, kwa baadhi gemu linakufa hapo hapo, ni kujaribu.

Lakini tatizo langu na HDMI hata siyo picha, ni kuchelewa. TV za kisasa zinachukua muda kuitafuna hiyo picha, unabonyeza pasi, mpira unatoka baadaye kidogo. Kidogo sana, mgeni hatagundua. Mtu aliyekulia kibandani anagundua kwenye mechi ya kwanza, anapiga tackle beki anakuwa ameshapita, anasema gemu bovu. Nikaenda kuichomeka kwenye TV ya kichogo ya bi mkubwa, ile ya inchi 21 inayokaa stoo, kwa waya wa kawaida wa njano nyekundu nyeupe. Jamani. Kila kitu kimerudi mahali pake, rangi zimejaa, mpira unatii mguu. Bi mkubwa kapita kaangalia kasema "mbona huyu wa mia mbili karudi", maana ndo alivyokuwa ananiita kwa ajili ya kumwomba hela ya gemu. Kwa hiyo kabla hujanunua adapta yoyote ulizia TV ya kichogo kwa ndugu, watu wanazigawa bure zisizibe njia. Adapta naipa nne, na hizo nne ni kwa sababu inafanya kazi pale usipokuwa na TV nyingine.

Memori kadi zenyewe mjihadhari. Orijino ya Sony ni MB 8, ndogo lakini inadumu. Zile za mtaani zimeandikwa 64, 128, mara 256, kadiri namba inavyopanda ndo inavyozidi kutapika sevu zako, nina ndugu Master League yake ya PES (ligi ya kuendesha timu msimu kwa msimu) ya misimu sita imepotea asubuhi moja ameamka anakuta "no data". Mimi Free McBoot iko kwenye kadi ya MB 64 ambayo inatosha na sevu muhimu nazitolea kopi kwenye flashi, humo humo kwenye menyu kuna programu ya kukopi. Na kwa wapenzi wa mpira usikose kuweka option file, ni faili dogo tu la sevu ambalo watu wamekaa wakarekebisha majina, jezi na vikosi, London FC inarudi kuwa Chelsea. Wabrazili ndo wamepitiliza, wana Bomba Patch yao wamejenga juu ya Winning Eleven na PES na wanaiapdeti mpaka na wachezaji wa siku hizi, unamkuta mtu aliyezaliwa PS2 ikiwa tayari imezeeka anacheza humo. Inachekesha na ni tamu, ila mimi naiacha PES 6 na kikosi chake cha 2006.

La mwisho pedi, hapa ndo nimelia. Pedi mbili nilizopewa moja ni feki. Utaijua hivi: ishike mkononi, DualShock 2 orijino ina uzito kwa sababu ya zile mota mbili za kutetemeka, feki ni nyepesi na ukiitikisa kuna kitu kinalia ndani. Halafu vitufe vya orijino vinapima nguvu ya kidole, kwenye Gran Turismo ukigusa X kidogo gari linaenda kidogo, kwenye feki ni mafuta yote au hakuna. Kijiti cha analogi cha feki nacho kinavuta chenyewe, beki wangu anatembea kuelekea kona bila kutumwa. Orijino used inauzwa karibu sawa na memori kadi na MX4SIO ukizijumlisha, na ukipata iliyotumika vizuri lipa tu, ila ombeni muijaribu pale pale dukani kwenye gemu la magari, na mwenye duka akikataa ondoka.