Betri iliyowaka moto ukutani: vya bure vya mtandaoni nilivyovijaribu muhula mzima

Kidato cha Pili B wako 71. Chumba chao kina soketi moja inayofanya kazi, nayo iko ukuta wa nyuma. Projekta ni ya shule nzima. Ukiitaka Alhamisi, jina lako liwe kwenye daftari la mwalimu wa taaluma tangu Jumatatu. Mimi nina kishikwambi, vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 kabla walimu hatujagawiwa, na laptopu ya mtumba ambayo betri yake haimalizi kipindi. Nayasema haya mapema kwa sababu orodha nyingi za "zana bora kwa mwalimu" zimeandikwa na watu ambao darasani kwao kila mtoto ana kompyuta yake. Mimi kila kitu cha mtandaoni nakiuliza swali moja kwanza: nikizima data, unaendelea?

Nafundisha Fizikia na Hisabati, shule ya kata, mwaka wa tisa huu. Muhula uliopita nilijiwekea utaratibu wa kujaribu kitu kipya kila wiki mbili. Vingi vilikufa njiani. Kilichobaki kimesimama imara ni PhET, na nikizidisha maneno hapa mnisamehe.

PhET ni maabara za kwenye skrini zinazotengenezwa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Aliyezianzisha mwaka 2002, Carl Wieman, alikuwa na Nobeli ya Fizikia ya mwaka uliotangulia mfukoni, halafu akaenda kuhangaika na namna watoto wanavyoelewa umeme na mawimbi. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa Nobeli yenyewe. Ni bure, huombwi namba ya simu, hujisajili popote. Na kilichonimaliza kabisa: kila maabara, kwa zile za kisasa, ni faili moja. Unalipakua ukiwa na bando, ni megabaiti chache tu, kesho yake unalifungua kwa Chrome bila intaneti na linacheza kama kawaida. Nilipakua kumi na nne kwa bando la usiku, nikaziweka kwenye flashi. Mwalimu wa Kemia akaja na flashi yake, akanakili, akaondoka bila hata kuuliza zinaitwaje.

Sasa ile Alhamisi. Mada ni umeme wa mkondo, nimefungua maabara ya kujenga sakiti. Pembeni kuna waya, betri, balbu, swichi, fyuzi. Unaburuta, unaunganisha ncha kwa ncha. Ukikamilisha mzunguko balbu inawaka, na ndani ya waya unaona elektroni kama vidoti vya bluu vinatembea. Watoto hawa walishakariri fasili ya mkondo wa umeme kwa Kiingereza, neno kwa neno, wengine wanaiimba. Kuona kitu kikitembea ndani ya waya kuliwafanya wanyamaze, na darasa la watu 71 kunyamaza saa saba mchana si jambo dogo.

Nilimwita binti mmoja wa dawati la pembeni, ambaye tangu Januari sikuwahi kusikia sauti yake, aje aunganishe. Akachukua waya, akauweka ncha moja huku na nyingine kule kwenye betri, balbu akaisahau. Betri ikawaka moto ukutani, ndimi za moto kabisa. Darasa zima: "Madam, zima! Zima!" Kijana mmoja wa nyuma alisharuka kwenda kuchomoa waya kwenye soketi. Nilikuwa nimefundisha shoti kwa miaka minane kwa kuchora betri na waya ubaoni na kuandika "ni hatari". Hakuna aliyewahi kuruka.

Kuna pia vitu vya kuchomeka katikati ya waya: sarafu, noti ya dola, kifutio, kibanio cha karatasi, penseli, mbwa. Ndiyo, mbwa. Sijui nani kule Colorado aliwaza mbwa, lakini watoto hawakutaka tuendelee mpaka apimwe. Mzozo wa maana ulikuwa wa penseli. Wanasema ni mti, haipitishi. Skrini inasema inapitisha, ila kwa ukinzani. Hapo nikaizima projekta. Nilikuwa na betri mbili za tochi na kitaa cha LED nilichokitoa kwenye tochi mbovu. Tukachonga penseli pande zote mbili, tukagusisha. Kitaa kikawaka kwa unyonge, ukilazimika kukifunika kwa kiganja ndipo ukione. Walipanga foleni kuja kuchungulia kiganjani kwangu. Kwa hiyo mtu asije akawaambia kwamba PhET inachukua nafasi ya jaribio la kweli. Inakuonyesha jaribio lipi la kweli linastahili dakika zako kumi.

Kasoro zipo. Ukiacha elektroni zionekane bila kubadilisha, wanafunzi wanakariri mwelekeo wao, halafu kwenye mtihani wanachora mishale kinyume na mkondo unaotakiwa. Kuna kitufe cha kuonyesha mkondo wa kawaida, ule unaochorwa kutoka chanya kwenda hasi, kinyume na elektroni; kibonyeze mapema na uwaeleze tofauti. Maabara za zamani, zilizoandikwa kwa Java, hazifunguki kwenye kishikwambi, usipoteze bando. Baadhi ya maabara zimetafsiriwa Kiswahili, jambo linalonifurahisha na kunitatiza kwa pamoja, kwa kuwa mtihani wangu ni wa Kiingereza. Ninachofanya: Kiswahili wakati wa kubishana, Kiingereza wakati wa kuandika. Na ukitaka mazoezi yaliyowekwa na walimu wenzetu wa nchi nyingine, hapo ndipo unapotakiwa kufungua akaunti ya mwalimu, nayo ni bure. Mengi yameandikwa kwa vipindi virefu na makundi ya watoto wawili wawili. Yachukue maswali, acha mpangilio.

Kitu cha pili nilichokipenda ni Plickers, na hiki kina kisa.

Wazo lake ni rahisi hadi unajiuliza kwa nini hukulifikiria. Kila mwanafunzi ana kadi ya karatasi yenye alama nyeusi iliyochongeka-chongeka, na kila upande wa alama una herufi yake: A, B, C, D. Unauliza swali, mtoto anainua kadi huku herufi ya jibu lake ikiwa juu. Wewe unapitisha kamera ya simu yako darasani, na simu inasoma nani kajibu nini. Simu moja tu, ya mwalimu. Herufi zimeandikwa ndogo, na kila kadi ina umbo lake, kwa hiyo wa pembeni hawezi kunakili kwa kuangalia kadi ya mwenzake. Wale wanaonyoosha mkono kwa kuangalia kwanza nani kanyoosha, hapa wamekwama.

Kadi unachapisha mwenyewe. Nikaona karatasi tupu zitachanika ndani ya wiki, nikazipeleka steshenari mjini zipigwe lamineshen, ile ya kung'aa, kwa hela yangu. Nilirudi nazo kama nimebeba vyeti vya chuo. Kipindi cha kwanza, jua linaingia madirishani, kadi zinameremeta, simu inasoma safu mbili na kuacha zote za upande wa dirisha. Nilisogea, niliinama, nilipanda kwenye kiti. Baadaye ndipo nikasoma maelekezo, yanayosema wazi: ukipiga lamineshen, iwe isiyong'aa. Nimebandua nyingine kwa wembe, nyingine zimebaki za kutumia siku za mawingu.

Seti kubwa zaidi ina kadi 63. Kidato cha Pili B, nakukumbusha, ni 71. Basi wanane wanajibu na wenzao kwa kadi moja, na nimekuta kwamba hao wanaobishana kabla ya kuinua kadi ndio wanaopata zaidi, kiasi kwamba sasa nagawa kadi kwa wawili wawili makusudi. Akaunti ya bure ina mipaka ya maswali, lakini kwa mtindo wangu wa maswali mawili kwa kipindi haijanibana. Data inahitajika, kidogo. Hapa kipimo changu kimelegea na nakiri.

Swali lililonilipa gharama yote ya lamineshen ni hili: balbu mbili zinazofanana, zimeunganishwa mfululizo kwenye betri moja, ipi inawaka zaidi? Zaidi ya nusu walichagua ya kwanza, "kwa sababu umeme unaifikia kwanza." Kama maji ya bomba: wa juu wanapata, wa bonde wanabaki na matone. Kwa bomba letu la kijiji hiyo ni sahihi kabisa, ndiyo maana wazo lenyewe ni gumu kung'oa. Nikawasha projekta, tukajenga sakiti, balbu zote mbili zikatoa mwanga uleule. Tukapima mkondo kwa ameta ya kwenye skrini kabla ya balbu ya kwanza, katikati, na baada ya ya pili. Namba ile ile mara tatu. Nikauliza tena kwa kadi. Sitasema wote walipata, lakini bila zile kadi nisingejua kwamba darasa lililoitikia "ndiyo, Madam" wiki nzima lilikuwa linaitikia kwa adabu tu.

Kolibri nitaitaja kwa haraka. Ni ya shirika la Learning Equality. Unaiweka kwenye kompyuta moja pamoja na masomo uliyopakua, zikiwemo video za Khan Academy na hizo hizo PhET, halafu vifaa vingine vinaunganishwa kwa Wi-Fi ya ndani bila intaneti. Nimeiweka, nimeikubali, na siitumii. Wanafunzi wangu hawaruhusiwi simu shuleni na hatuna chumba cha kompyuta. Mwenye hata kompyuta kumi za msaada zilizofunikwa vitambaa ofisini kwa mkuu wa shule, hii ndiyo sababu ya kuvifunua.

Vitabu vya kiada nasoma kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, hasa ninapokuwa nyumbani na kitabu chenyewe kiko na mwenzangu. Bure.

Wifi yangu anafundisha Darasa la Pili, naye kilio chake si sakiti, ni watoto wasiopenda kusoma kwa sababu hawana cha kusoma zaidi ya kitabu kimoja walichokwisha kukikariri. Nilimwonyesha African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ulioanza mwaka 2014. Hadithi fupi zenye picha, nyingi za hapa hapa Afrika, Kiswahili kipo tele, na leseni yake inakuruhusu kuchapisha, kunakili, hata kubadilisha maneno. Hilo la mwisho ni muhimu, maana Kiswahili cha baadhi ya tafsiri kinakwenda kikichechemea. Wifi hakulalamika. Anasoma hadithi na watoto, wakifika penye sentensi iliyopinda anawauliza, "Bibi yako angesemaje hapa?" Wanairekebisha, anaiandika upya kwa kalamu juu ya nakala. Kwake kasoro imekuwa somo la sarufi. Karatasi ndizo zinazomla: kuchapisha ni fedha, na anachapisha kwa nyeusi na nyeupe, kwa hiyo simba wote ni wa kijivu.

Vilivyonitoa jasho bure sitavitaja majina. Kuna tovuti moja ya majaribio ya mtandaoni, nzuri kwa macho, nikatunga maswali arobaini usiku kucha, na nilipotaka kuyachapisha ikaniambia niweke kadi ya benki. Maswali yangu mwenyewe! Na kuna programu ya akili bandia inayoandika andalio la somo kwa sekunde chache. Niliiomba andalio la upitishaji joto. Likaja limepangwa vizuri kuliko la kwangu, mfano wake mkuu ukiwa hita ya sebuleni wakati wa baridi kali, na kwenye zana, "tableti moja kwa kila mwanafunzi". Nilifuta hita nikaweka sufuria ya ugali na mwiko, nikafuta tableti nikaweka sufuria ya ugali na mwiko, mwisho nikagundua nimeandika andalio langu mwenyewe.

Ukitaka kuanza, anza na ile ya sakiti. Ipakue, izime data, ijaribu mwenyewe nyumbani mara mbili, na mara ya pili uichome betri makusudi ili usishtuke mbele ya watoto. Nenda na penseli iliyochongwa pande zote. Na kabla hujaandika jina kwenye daftari la projekta, nunua ekstensheni ndefu. Yangu ni ya mita tano, na kutoka ile soketi ya nyuma haifiki.