Menyu ya skripti: `select` au `whiptail`?

Kwenye duka letu la kuchapa na kutoa kopi hapa Lamu, mtaa wa Langoni, kompyuta ni moja na mikono ni mingi. Nilitaka menyu: kuchapa, kuskani, kuzima, basi.

Nikaanza na `select`, iliyomo ndani ya Bash yenyewe, ile programu ya Linux inayosoma na kutekeleza amri unazoandika. Hakuna cha kusakinisha. Unaandika `PS3="Chagua namba: "`, ndilo swali litakaloonekana, kisha `select kazi in Chapa Skani Zima; do`, halafu `case` ya kuamua kila chaguo lifanye nini. Namba zinajipanga zenyewe. Ila usisahau `break` ya kutoka kwenye menyu, la sivyo itauliza mpaka magharibi. Na mtu akiandika 9 pasipo na 9, `$kazi` inabaki tupu, kwa hiyo weka `*)` ya kumrudisha. Mstari wa kwanza nao uwe `#!/bin/bash`: kwenye Ubuntu, `/bin/sh` ni dash, programu nyingine ya amri, nayo haiijui `select` kabisa.

`whiptail`, programu ya pembeni, inachora kisanduku katikati ya skrini, unashuka kwa mishale. Mdogo wangu, anayeogopa skrini tupu yenye maandishi, aliizoea siku hiyo hiyo. Tena `--checklist` inakuruhusu kutia alama vitu kadhaa kwa kitufe cha nafasi, jambo ambalo `select` haina. Kero ni jibu: linatoka kwenye mkondo wa makosa (stderr), si ule wa kawaida, ndiyo sababu ya ile `3>&1 1>&2 2>&3` inayobadilishana mikondo hiyo miwili. Ilinila alasiri nzima, na kahawa ikapoa.

Dukani sasa inatumika `whiptail`. Kwenye seva za mbali, mtandao ukisuasua, mimi ni `select` tu.