Fundi wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo: anapima kabla ya kufungua

Duka lililoniunganishia kompyuta mpya (silitaji) liliniambia mazabodi (ile bodi kuu ya ndani) imeungua, ninunue nyingine. Picha safi, sauti hakuna. Nikaibeba hadi kwa huyu kijana wa ghorofani.

Hakushika bisibisi kwanza. Alifungua mipangilio ya sauti ya Windows, akanionyesha: sauti ilikuwa inapelekwa kwenye skrini kupitia waya wa HDMI, na skrini yangu haina spika! Akachagua spika za tundu la kijani kule nyuma, muziki ukalia. Hedifoni za mbele bado bubu. Hapo ndipo akafungua kasha, na kumbe ule waya mwembamba ulioandikwa HD AUDIO unaning'inia tu, haujachomekwa kwenye pini zake, ukingo wa chini wa mazabodi. Mazabodi iliyoungua, eti.

Draiva, yaani programu ya kuendesha sauti, akaishusha kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, si zile za kwenye flashi za mtaani. Elfu kumi na tano, na risiti juu.

Kasoro: kiti cha mteja ni kimoja, feni hakuna, na jirani yake anauza spika, anazijaribu kutwa nzima. Nenda asubuhi, kabla huyo jirani hajafungua.