Kitabu cha picha kutoka Tokyo: wakala mzuri, kadi imekunjika

Maduka mengi ya Japani hayatumi mzigo nje, kwa hiyo kitabu cha picha cha seiyuu ninayempenda, yaani mwigizaji wa sauti za anime, nilikiagiza kupitia wakala wa Tokyo. Kitabu ni yeni 3,300, ndani yake kodi yao ya asilimia 10. Nauli ya EMS, yaani posta ya haraka, hadi Mombasa ikazidi bei ya kitabu chenyewe. Iliniuma.

Wakala anajibu haraka, na alinitumia picha ya mzigo kabla ya kuufunga. Ila ile kadi ya picha, zawadi ya duka kwa wanunuzi wa mwanzo, aliichomeka bila kadibodi. Imefika kona imekunjika. Kwa sisi tunaokusanya, hiyo ni hasara kubwa.

Rafiki yangu alishanitumia skani ya wizi kwa WhatsApp. Nimelinganisha picha ya ufukweni, iliyotandazwa kurasa mbili: kwenye skani mshono umemeza nusu ya uso. Kwenye karatasi naona hadi chembe za mchanga kwenye kifundo cha mguu wake. Skani nimeifuta. Dada huyu mwigizaji amefanya kazi, alipwe.

Wakala nampa nyota 3. Ukiagiza, mwandikie mapema aiweke kadi kati ya kadibodi mbili.