Yogati ya kaveera (mfuko wa plastiki) hapa Mbarara, Uganda: tamu kweli, lakini ile karatasi ya ukutani waitoe

Nyota 3 na nusu kwa 5, na hiyo nusu nimeipa kwa sababu ya dada anayepika, sio duka.

Sisi tunaokaa upande wa Makenke, penye kambi ya jeshi, Kiswahili ndio lugha ya kwenye laini ya maji, nusu ya majirani ni wake wa wanajeshi, na habari ikiingia kwa mmoja kufika jioni imefika kwa wote. Ndio ikaingia hii ya duka fulani la maziwa linalouza yogati ya "vijidudu vizuri", eti inatibu kuharisha, inanenepesha watoto, inafungua hamu ya kula. Mimi nina wawili, Hanifa miaka 4 na mdogo wake miezi 5, nikapanda boda siku ileile.

Jina la duka silitaji, wanaolijua wanalijua. Nusu lita elfu 2, ya bila sukari na ile ya pinki bei ni moja. Ya bila sukari chukueni bila kufikiri, ni nzito, uchachu wake umetulia hauumi meno, na juu inakuwa na ile krimu ya maziwa ya ng'ombe wa huku, yaani Hanifa alilamba mpaka kaveera ikabaki nyeupe kama imeoshwa. Ile ya pinki niliijaribu mara moja, sukari tupu, ni soda iliyovaa nguo ya maziwa.

Sasa mimi ni mtu wa kuuliza. Nikamuuliza dada pale, hivyo vijidudu mnavitoa wapi? Akanipeleka nyuma akanionyesha na hapo ndio nilimpenda. Ana kipaketi cha Yoba, gramu moja tu, unga mkavu hata kijiko hakijai, ndani kuna bakteria wa aina mbili. Anatengeneza nayo kwanza lita moja ya mbegu, halafu hiyo lita moja ndio inachachusha mpaka lita 100. Maziwa anayachemsha mpaka themometa isome 85, anatumbukiza sufuria kwenye beseni la maji baridi, anasubiri ishuke 45 ndio anamimina mbegu, kisha anafunga madebe na blanketi mpaka yagande. Nikamwambia mbona unachelewa hivyo, si umimine tu? Akacheka, "Mama Hanifa, wakiingia kwenye moto huo nitakuwa nimewapika!"

Nikaenda kusoma. Mmoja wa wale wawili ni nakala ya LGG, bakteria aliyepatikana Marekani miaka ya 80 kwenye tumbo la mtu mzima mwenye afya, zile G mbili ni Gorbach na Goldin waliompata. Patenti ilipoisha Waholanzi wa Yoba wakamzalisha kwa bei ya chini ili wenye maziwa wadogo huku kwetu wamtumie. Wazo zuri sana, mimi nalipigia makofi, badala ya kununua vidonge vya bei ya mbuzi unakunywa maziwa ya jirani.

Shida yangu ni karatasi. Ukutani wamebandika, imeandikwa na biki kwa mkono, "INATIBU KUHARISHA, WATOTO KUANZIA MIEZI 3". Hapana jamani. Mtoto wa miezi 3 ni ziwa la mama tu mpaka afike 6, na sio kwamba ziwa halina hivyo vijidudu vyenu, ndani ya maziwa ya mama kuna sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya kabisa, zimewekwa mle kuwalisha bakteria wa tumboni mwake, wale wanaoitwa bifidobakteria. Mimi niliposikia hiyo kliniki nilikaa kimya kidogo, kumbe namnyonyesha mtoto na wageni wake. Miezi 6 akianza kula unaweza kumpa kijiko kijiko ile isiyo na sukari, ziwa likiendelea.

Na hiyo ya kutibu kuharisha, huyo LGG mwenyewe walimpima Marekani kwa watoto 971 waliopelekwa hospitali wakiharisha na kutapika, matokeo yakatoka 2018, waliopewa yeye na waliopewa unga mtupu usio na bakteria hawakutofautiana. Kwa hiyo mtoto akiharisha ni ORS na zinki, na ukiona macho yameingia ndani kimbia kituo cha afya, usikimbie dukani. Nilimwambia mwenye duka hivyo kwa heshima, akaniambia, "Nyabo (mama), wateja wanapenda karatasi".

Lingine, umeme. Jumanne moja ulikatika usiku kucha na asubuhi nikauziwa kaveera iliyovimba kama puto. Bakteria wa yogati kazi yao ni kutoa asidi, hawatoi gesi ya kuvimbisha mfuko hivyo, ukiona imevimba jua kuna wageni wameingia, hamira au wengine. Niliirudisha, wakanibadilishia lakini kwa kununa, na nyingine zilizovimba ziliachwa palepale kwenye friji. Hapo ndio nyota moja nzima ilienda.

Mama mkwe ananicheka na elfu 2 zangu. Yeye ni wa Kabale, bushera yake anaotesha mtama mpaka utoe vimizizi, anakausha, anasaga, anakoroga na maji ya moto, ikipoa anaongeza tena unga wa kimea na kuiacha siku mbili inachachuka yenyewe bila kipaketi cha mtu. Na ile kimea ina akili, inavunja wanga uji unakuwa mwepesi hata ukiweka unga mwingi, mtoto anashiba kwa kikombe kidogo. Ila ule unga wa mwisho unaingia mbichi na maji ya kwetu tunayajua, kwa hiyo Hanifa anakunywa, mdogo bado. Mama mkwe hajafurahi.

Basi, yogati nitaendelea kununua, ile ya bila sukari, asubuhi mapema, na naibonyeza kaveera kwanza kabla sijatoa sente. Yule dada kaniambia ukimletea jagi lako safi lenye kifuniko anakupimia moja kwa moja kutoka kwenye debe, Jumamosi naenda na langu.