Uzoefu wangu na duka la viatu "la Moshi" ambalo Moshi halipo

Naipa nyota mbili kati ya tano. Viatu vilifika, vinavalika, na soli bado haijaachia. Nyota tatu zimekatwa kwa sababu moja: duka linalojinadi kuwa la Moshi halina hata meza mjini Moshi.

Jina silitaji, na hata nikilitaja halitakusaidia sana, maana maduka ya aina hii hubadilisha majina kama nguo. Angalia muundo tu: jina zuri la mtu, likifuatiwa na jina la mji. Australia wameuzoea muundo huu. Mwaka 2025 tume yao ya ushindani ilitoa tahadhari kwa umma kuhusu maduka ya mtandaoni yaliyobeba majina ya miji kama Melbourne na Adelaide huku mizigo ikitoka Asia. Sasa na sisi tumefikiwa.

Tangazo nililiona Instagram. Familia inashona viatu vya ngozi kwa mikono tangu 1998, wazee wamechoka, wanafunga duka, kila kitu nusu bei. Kwa mtu wa huku hadithi hiyo inaingia akilini kabisa. Moshi kuna kiwanda cha Karanga, na mafundi wa ngozi wapo. Ila ikuze ile picha uitazame vizuri. Mzee na mkewe wamesimama mlangoni, kibao cha duka juu yao kina herufi zilizopindana ambazo hazisomeki kwa lugha yoyote, na nyuma yao mlima umefunikwa theluji hadi kiunoni. Mawenzi, kile kilele cha pili cha Kilimanjaro, haipo! Mtu aliyekulia Moshi akaupiga picha mlima halafu Mawenzi ikayeyuka, hapana, hiyo imetengenezwa na kompyuta.

Kitu cha pili ni bei. Kiatu kiliandikwa Sh 96,412.38. Nani Arusha au Moshi anauza kiatu kwa senti thelathini na nane? Bei ya namna hiyo inatokana na mfumo unaogeuza dola kuwa shilingi kwa kiwango cha siku, ndiyo maana kesho yake ukirudi unakuta imesogea kidogo. Muuzaji wa kwetu angeandika 95,000, na ukimbembeleza anashuka. Pembeni kulikuwa na saa inayohesabu muda wa ofa kurudi nyuma. Ikifika sifuri inaanza upya, wala haioni haya.

Malipo ni kadi au PayPal tu. Hakuna lipa namba, hakuna M-Pesa, hakuna Airtel Money. Kwangu mimi hii ndiyo dalili nzito kuliko zote, kwa sababu hapa hata muuza ndizi wa barabarani ana lipa namba.

Baada ya kulipa kwa kadi niliwaandikia: "Habari, niko Arusha, Jumamosi nashuka Moshi. Duka liko jirani na nini?" Jibu lilikuja usiku kwa barua pepe: wanathamini subira yangu, oda inaandaliwa ghalani. Nikauliza tena, ni karibu na stendi au upande wa Double Road? Wakanipa punguzo la asilimia 10 kwa oda ijayo.

Swali hilohilo nilimuuliza dada mmoja anayeuza viatu Moshi kweli. Alinijibu kwa sauti ya WhatsApp, nyuma makelele ya bodaboda: "Kaka, ukishuka stendi nipigie, nakutuma kijana akufuate. Kama huna nafasi nakutumia mzigo kwa basi, jioni unakuwa nao." Kutoka Moshi hadi Arusha ni kilomita themanini hivi. Wale wa mtandaoni waliandika kwamba mzigo utachukua siku 8 hadi 15 za kazi, na kwenye masharti, kwa maandishi madogo, kwamba mnunuzi atabeba ushuru wa forodha ukitokea. Forodha ya nini kati ya Moshi na Arusha, pale daraja la Kikafu?

Namba ya kufuatilia mzigo ilimaliza ubishi. Namba za vifurushi vya posta za kimataifa zina herufi mbili mwanzoni, tarakimu tisa katikati, na herufi mbili mwishoni zinazoonyesha nchi ulikoanzia. Yangu iliishia na CN, yaani China. Nilichukua kifurushi Posta pale Mnara wa Saa: mfuko wa plastiki wa kijivu, hakuna boksi, na "ngozi" inanuka gundi. Ukikikunja kiatu kidoleni, mikunjo inakuwa myeupe.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na bidhaa za China. Nusu ya vilivyomo ndani kwangu vimetoka huko, vimepitia Kariakoo, na muuzaji hakunificha. Ninachokataa ni kulipia jasho la fundi wa Moshi halafu napewa kiatu cha kiwandani ambacho soko la Kilombero hapa Arusha ningekipata kwa chini ya nusu ya bei hiyo.

Vitu vya kukagua kabla ya kulipa havichukui muda. Kwenye Instagram, gusa jina la akaunti ufungue sehemu ya kuhusu akaunti: inaonyesha ilianza lini, mara nyingi na nchi inakoendeshwa. Facebook nako kuna sehemu ya uwazi wa ukurasa inayoonyesha wasimamizi wako nchi gani. Tovuti nayo ina tarehe ya kusajiliwa. Hii ya "tangu 1998" ilikuwa ya miezi michache tu. Picha ya kiatu ukiitafuta kwa Google Lens, unakikuta kwenye maduka mengine chungu nzima yenye majina ya miji mingine. Risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) au TIN (namba ya mlipakodi) ni nzuri kuuliza, ingawa wauzaji wadogo wa Instagram wengi hawana mashine, kwa hiyo usimhukumu mtu kwa hilo peke yake.

Nilipodai pesa yangu, lile duka walisema nirudishe viatu China kwa gharama yangu. Nilipokataa wakaniahidi kunirudishia asilimia 15 ya pesa nibaki navyo, kisha 25, kisha 40. Sheria yetu ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, lakini kumfikia mtu asiye na ofisi hapa nchini ni shughuli. Njia fupi ilikuwa benki: nimejaza fomu ya kupinga muamala, nikaambatanisha tangazo lao, picha za kiatu na barua pepe zote. Afisa aliniambia maombi haya yana ukomo wa siku, kwa hiyo anayevutana na duka kuhusu asilimia asiache muda ukapita. Jibu la benki bado. Likitoka nitalibandika hapa chini.