Ofisi ya mawakili Makongoro, na mzee wetu aliyetutoka

Watu wananiulizaga Mwanza wakili gani wa uhakika kwa mambo ya mirathi na viwanja, basi naandika hapa wote msome. Ofisi ninayoisema iko mjini upande wa barabara ya Makongoro, ghorofani, na mzee aliyeianzisha ametutoka mwaka huu. Kwahiyo humu nitasema huduma ilivyo na nitamsema yeye pia, siwezi kuvitenganisha.

Sisi tulifika kwake baba alipofariki. Baba aliacha nyumba Igoma, na kulikuwa na mtumbwi na injini yake kule Ukerewe, sasa baba mdogo akaanza kusema nyumba ni ya ukoo, mama arudi kwao. Kuna ofisi nyingine tulipita kwanza wakatutajia hela ya kutisha hata bahasha ya nyaraka hawajaifungua. Huyu mzee alisoma karatasi moja moja, akamaliza, akamwambia mama, "Mama yangu, kwa hatua hii wakili wa nini, mtaweza wenyewe." Akatuelekeza cheti cha kifo RITA, ile ofisi ya serikali ya vizazi na vifo, kikao cha ukoo kikae na muhtasari usainiwe, halafu Mahakama ya Mwanzo kujaza fomu namba 1 ya kuomba usimamizi wa mirathi. Kaka yangu ndo alikuwa anapendekezwa kuwa msimamizi, mzee akamgeukia akamwambia mwanangu msimamizi sio mrithi, kazi yako ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa na kurudi mahakamani na fomu namba 5 na 6 waone kilichokuwepo na kilivyogawanywa, na kabla hujagawa chochote tenga jasho la mama yako maana hilo sio la marehemu. Kaka aliitikia ndio baba, ndio baba, mpaka mwisho. Akachukua hela ya ushauri tu na risiti akatupa.

Baba mdogo hakutulia. Akaenda baraza la kata, na toka sheria ibadilishwe 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu, usuluhishi ukashindikana ikabidi twende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hapo sasa ndo tukamweka mzee awe wakili wetu. Na kabla hajapokea hata shilingi alituambia tulipo imara na tulipo dhaifu: nyumba mna nguvu, hati ina jina la baba yenu na mama ana risiti za mabati na saruji, ila mtumbwi usajili na leseni vyote vina jina la baba yenu mdogo na BMU, kile kikundi kinachosimamia uvuvi pale mwaloni, wanamjua yeye, tena lile baraza ni la ardhi tu, kwahiyo mkitaka kuudai mfungue kesi sehemu nyingine na hela yenu itaisha bure. Ilituuma sana maana baba alihangaikia ile injini. Tukauacha. Nyumba imebaki ya mama.

Siku moja tukiwa kwenye benchi pale akaingia bwana mmoja na kiapo kimeshasainiwa, aliyesaini yuko Geita, anataka muhuri tu, na bahasha akaiweka mezani. Mzee aliirudisha ile bahasha taratibu kabisa, akasema sheria inataka anayeapa aape mbele yangu, mlete au nimsubiri, halafu akaita mteja anayefuata. Hakufoka wala hakumuaibisha. Mimi nikajua hapa karatasi zetu ziko salama.

Saa kumi na moja alikuwa anafunga mafaili, uwe nani, kwasababu mke wake ana duka la vitenge na lazima akamsaidie kufunga warudi nyumbani pamoja. Zamani ilikuwa inanikera kidogo, unapanda ngazi zote zile unaambiwa njoo kesho. Msibani ndo nikaelewa. Turubai zilijaa mpaka barabarani, wavuvi wa Mwaloni Kirumba, akina mama wa dagaa, mahakimu wastaafu, na bintiye akasimama akasema baba hakuwahi kukosa siku ya wazazi shuleni kwa mtoto wake yeyote, na kila jioni madaftari yao aliyakagua hata umeme ukikatika, kwa tochi. Mama yao alishindwa kuongea, akakaa tu ameshika miwani ya marehemu. Nililia kama nimefiwa na baba mara ya pili.

Sasa hivi binti ndo anaendesha ofisi, naye ni wakili. Nimempeleka shangazi mwezi uliopita kwa ishu ya mpaka wa kiwanja Buhongwa, ushauri ni uleule, anakwambia na ubaya wa kesi yako kwanza. Ngazi bado ni shida kwa wazee ila ukisema wanashuka wenyewe kukusikiliza hapo chini. Simu hazipokelewi kwa wakati, hilo walirekebishe, na Jumatatu panajaa mno. Kesi za jinai hawachukui.

Nendeni na nyaraka halisi pamoja na kopi, na kama Baraza la Wilaya limeshawahukumu msikae nyumbani mkilalamika, rufaa ya kwenda Mahakama Kuu ni ndani ya siku 45. Ushauri nawapa nyota tano, simu nyota mbili.